Wazee wa Makao Nao Wahesabiwe: Utafiti wa Afya Usiishie Langoni

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, wasimamizi wa makao ya wazee na wakaazi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mazungumzo haya yaanzie mlangoni. Mdadisi wa utafiti wa afya amefika kijijini na orodha ya nyumba alizopangiwa. Anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa kiti. Anauliza mkuu wa kaya ni nani, ni watu wangapi walilala hapa jana usiku, maji yanatekwa wapi, nani aliugua na alitibiwa wapi. Akimaliza anashukuru na kwenda nyumba ya pili. Kati ya nyumba ya tatu na ya nne kuna lango kubwa la bati lenye kibao cha makao ya wazee. Ndani wamo wazee 40. Mdadisi anapita. Hajazembea kazi. Lango hilo halimo katika orodha yake, na hata angetaka kuingia, hojaji aliyobeba haina mahali pa kuwaandika watu hao.

Sababu ni neno moja dogo: kaya. Kwa watu wa takwimu, kaya ni mtu au watu wanaoishi boma moja, wanaokula chungu kimoja, na wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. (Mijikenda wana maana yao ya kaya, ya zamani na nzito zaidi, lakini hiyo si ya leo.) Makao ya wazee yana jiko moja, ndiyo, ila hayana mkuu wa kaya. Yana msimamizi, ambaye jioni huenda kwake. Kwa hiyo makao yanawekwa fungu moja na hospitali, mabweni ya shule, kambi za askari na magereza, yaani sehemu wanamokaa watu ambao si kaya. Tafiti nyingi za afya hapa Kenya na duniani kote huchagua kaya. Asiye na kaya hachaguliwi.

Sensa ni tofauti, na ni haki kusema hivyo. Sensa ya mwaka 2019 iliyofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ilihesabu kila mtu aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, awe nyumbani, hotelini, hospitalini, safarini au barazani mwa duka. Ilipata watu 47,564,296, na kati yao waliotimiza miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7. Mzee wa makao yumo katika hesabu hiyo. Sensa hata iliuliza kama mtu ana shida ya kuona, kusikia au kutembea. Lakini sensa haipimi shinikizo la damu. Haiulizi kama dawa za kisukari ziliisha wiki iliyopita, au kama mzee ana kidonda cha kulalia ambacho hakijafungwa tangu Jumapili. Maswali ya namna hiyo ni ya tafiti za afya, na huko ndiko mzee anakopotea.

Tena anapotea mara mbili, kwa sababu kabla ya kufika kwenye swali la kaya kuna swali la umri. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022, ambao ndio hutajwa zaidi kaunti inapopanga huduma, uliwahoji kwa kina wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Wakubwa zaidi ya hapo waliandikwa katika orodha ya watu wa nyumba. Utafiti wa kupima virusi vya ukimwi wa mwaka 2018, KENPHIA, uliishia miaka 64. Ule wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, unaojulikana kama STEPS, ulipima watu wa miaka 18 hadi 69. Huo wa mwisho ndio ulioionyesha nchi kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Ni taarifa ya maana sana. Lakini aliyekuwa na miaka 70 siku hiyo hakuulizwa, na shinikizo la damu ni ugonjwa unaozidi kadiri umri unavyozidi.

Kila utafiti una sababu yake, na si haki kuulaumu. Ule wa demografia umejengwa juu ya uzazi na afya ya watoto, ndiyo maana unamtafuta mama anayezaa. Tatizo linakuja pale takwimu zilizokusanywa kwa kazi moja zinapotumiwa kupanga kila kitu, na mwisho wa mwaka mtu anasema, kwa nia njema kabisa, kwamba haoni ushahidi wa mahitaji ya wazee.

Chukua mfano wa mama wa miaka 78. Huu ni mfano tu, ila wahudumu waliomo humu watautambua mara moja. Alikuwa akiishi na mwanawe. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa akipita, anampima shinikizo la damu, anamkumbusha kliniki. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mwanawe anatoka alfajiri kwenda kibaruani, mkaza mwana ana mtoto mchanga, na hakuna wa kumgeuza kitandani. Familia inakaa, inalia kidogo, inampeleka kwenye makao ya wazee mjini. Kuanzia siku ile jina lake halimo tena katika nyumba za yule mhudumu. Mdadisi akija nyumbani na kuuliza nani wanaishi hapa, jibu huwa fupi: mama yuko kwa dada. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni aibu, maana mtaani bado kuna watu wanaodhani kumpeleka mzazi makaoni ni kumtupa.

Kwa hiyo mama huyu alihesabiwa alipokuwa na nguvu kiasi. Mwili wake ulipokuja kuhitaji huduma kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, akatoka kwenye hesabu.

Jambo hili lina upande mwingine ambao hata wapangaji hodari wanaweza kuupitiwa. Wazee dhaifu zaidi wakiendelea kuhamia makaoni, wanaobaki majumbani ni wale wenye nafuu. Utafiti wa kaya ukirudiwa baada ya miaka mitano unaweza kuonyesha kwamba afya ya wazee imeimarika. Wanaougua kitandani wamepungua, wanaotembea wenyewe wameongezeka. Kumbe hakuna aliyepona. Wamehama tu, na utafiti haukuwafuata. Kaunti inayosoma takwimu hizo inaweza kupunguza viti vya magurudumu katika bajeti huku ikijipongeza.

Dunia iliona hatari ya hesabu inayoishia mlangoni wakati wa Korona. Uingereza ilikuwa ikitangaza idadi ya vifo kila siku, lakini kwa majuma mengi tangazo hilo la England lilihesabu waliofia hospitalini peke yao. Aliyefia katika makao ya wazee hakuwemo katika namba iliyosomwa kwenye televisheni jioni. Tarehe 29 Aprili 2020 utaratibu ukabadilishwa ili kuhesabu vifo vya waliothibitishwa kuwa na virusi popote walipofia. Siku hiyo moja zaidi ya vifo 3,800 vya majuma yaliyopita viliongezwa katika orodha, na vingi vyao vilitokea nje ya hospitali.  Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kusema mwezi huo kwamba katika baadhi ya nchi za Ulaya hadi nusu ya waliokufa kwa Korona walikuwa wakaazi wa makao ya aina hiyo. Barakoa, vipimo na mavazi ya kujikinga hupelekwa mahali namba zinapoonyesha, na namba zilikuwa zikionyesha hospitali.

Cha kusikitisha ni kwamba nchi hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha njia miaka 20 kabla. Utafiti wa afya wa England wa mwaka 2000 uliingia makusudi ndani ya makao ya wazee na kuwahoji wakaazi wa miaka 65 na zaidi, sambamba na wale wa majumbani. Matokeo yalionyesha kuwa ulemavu miongoni mwa waliokuwa makaoni ulikuwa juu mno kuliko wa wenzao wa rika hilo majumbani. Mwingine atasema hilo lilijulikana hata bila utafiti. Lilijulikana, ila halikuwa limepimwa, na bajeti haiandikwi kwa kujulikana.

Marekani wana njia nyingine. Utafiti wao mkubwa wa watu wa makamo na wazee, ulioanza mwaka 1992, huchagua watu wakiwa bado majumbani, kisha huwafuata miaka nenda rudi. Mshiriki akihamia makao ya kutunzia wazee, wadadisi wanamfuata huko huko. Uzuri wake ni kwamba mtu hapotei anapohama. Jambo hili kaunti yoyote ya Kenya inaweza kulifanya bila fedha nyingi, maana wahudumu wa afya ya jamii wapo tayari, kila mmoja na takriban kaya 100 anazozijua kwa majina. Mzee akihama, mhudumu anaandika amehamia wapi, badala ya kufuta jina.

Sasa kuna swali ambalo watu wa takwimu huuliza, na linastahili jibu la hesabu. Wanasema wazee wa makao ni wachache, hivyo hawabadilishi chochote. Tuseme kaunti fulani ina wazee 60,000, na 300 kati yao wako makaoni. Tuseme pia kwamba majumbani wazee watano katika kila 100 hawawezi kuinuka kitandani bila msaada, na makaoni ni 60 katika kila 100. Namba hizi ni za mfano. Ukiwaacha wa makao, wastani wa kaunti ni asilimia 5. Ukiwaingiza, unakuwa asilimia 5.3. Kweli, haukubadilika sana. Na ukichagua kwa bahati nasibu wazee 1,000 kutoka kaunti nzima, utapata watano hivi tu kutoka makaoni, na watu watano hawawezi kukueleza hali ya 300.

Lakini wastani haununui kiti cha magurudumu. Katika mfano huo kuna watu 180 wasioweza kuinuka, wote nyuma ya malango machache ambayo gari moja la idara ya afya linaweza kuyazunguka kwa wiki moja. Hakuna kundi lingine la wagonjwa walio rahisi kufikiwa hivyo. Kwa hiyo dawa si kuwatupa ndani ya sampuli kubwa na kungoja bahati. Makao yawe na orodha yake, yote yatembelewe, wakaazi wote waulizwe, na matokeo yao yaandikwe katika jedwali lao wenyewe kando ya lile la majumbani.

Orodha hiyo ndiyo kazi ngumu ya kwanza. Makao makubwa ya mashirika ya dini yanajulikana, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani jijini Nairobi au yale ya kanisa la PCEA Thogoto huko Kikuyu. Pwani, Kaya Godoma kule Ganze imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha kwa kusingiziwa uchawi. Hao hawakwenda huko kwa sababu ya ugonjwa, lakini ugonjwa haukuwasubiri nyumbani. Yapo pia yale madogo: nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, muuguzi mstaafu mmoja, wazee saba, hakuna kibao. Haya ndiyo yanayokosa katika kila orodha. Chifu, msimamizi wa wadi, padri, imamu na mwenye duka la dawa wanayajua.

Kazi ngumu ya pili ni kuuliza vizuri. Hapa wadadisi wenye haraka ndipo wanapoharibu.

Ruhusa ya msimamizi ni ya kuingia langoni, basi. Si ridhaa ya mzee. Kila mkaazi anaulizwa yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na anaweza kukataa bila kueleza sababu. Na si rahisi kukataa mtu anapokuwa amesimamiwa na yule anayempa chakula na kumvalisha, kwa hiyo msimamizi akae kando. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina la mzee na ugonjwa wake havibandikwi ukutani wala kutumwa katika kikundi cha WhatsApp.

Yuko mzee ambaye kumbukumbu imemwacha. Huyo asirukwe, maana wakirukwa wote wa namna hiyo, utafiti utabaki na wale wenye akili timamu na kutangaza kwamba ugonjwa wa kusahau ni nadra makaoni. Anapatikana mtu wa kumjibia, ndugu au mhudumu anayemtunza, na hojaji inaandika wazi kwamba jibu limetoka kwa mwingine. Mtunzaji anajua vizuri yale yanayoonekana: kama mzee anakula mwenyewe, kama alianguka mwezi uliopita, anameza dawa gani. Maumivu, upweke na hofu hayaoni vizuri. Mwenye kuyahisi ni mmoja tu, na wazee wengi wenye usahaulifu wa kiasi bado wanaweza kujibu maswali mafupi ya ndiyo na hapana kuhusu maumivu yao, wakipewa muda.

Muda, kwa kweli, ndio mambo yote. Hojaji ya saa nzima inamchosha mtu wa miaka 85, akaanza kujibu ndiyo kwa kila kitu ili mgeni aondoke. Ikatwe vipande viwili, asubuhi baada ya uji na kesho yake. Asiyesikia vizuri asogelewe upande wa sikio zima na aone midomo ya anayesema. Maswali ya haja ndogo au ya kupigwa hayaulizwi kwa sauti ya juu katika chumba chenye vitanda sita. Shinikizo la damu linapimwa baada ya mzee kupumzika dakika tano, kwenye mkono ambao haukupooza. Aliyepinda mgongo au asiyeweza kusimama hapimwi urefu kwa kuegemezwa ukutani. Hupimwa kuanzia katikati ya kifua hadi mzizi wa vidole mkono ukiwa umenyooshwa, kisha urefu ukakadiriwa. Ni njia inayotumika kwa wazee katika tafiti za nchi nyingine, na inahitaji utepe wa fundi cherehani tu.

Mdadisi akikuta kidonda kinachooza, au mzee ambaye dawa zimekwisha, haandiki tu na kuondoka. Timu inatoka ofisini ikiwa na namba ya kituo cha afya cha karibu na jina la mtu atakayepokea simu. Kuingia makaoni kuhesabu vidonda bila kupeleka mtu wa kuvifunga ni jambo ambalo wasimamizi wameshalichoka, na wana haki ya kufunga lango kwa sababu hiyo.

Wapo wasimamizi wanaohofu kwamba utafiti ni ukaguzi uliovaa nguo nyingine, kwamba wakionekana wana vidonda vingi watafungiwa. Hofu hii isibezwe. Makao yanayopokea walio hoi zaidi yatakuwa na vidonda vingi kuliko yanayochagua wenye nafuu, hata kama yanatunza vizuri zaidi. Ndiyo maana matokeo yanatangazwa kwa kaunti nzima bila kutaja makao kwa jina. Ukaguzi una maafisa wake na siku yake. Ila hili liwekwe wazi tangu mwanzo kwa kila msimamizi: mdadisi akikuta mzee anapigwa au kunyimwa chakula, hawezi kunyamaza.

Na uwezo upo mikononi mwa kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti huduma za afya za mashinani, na kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kifungu hicho hakikusema wazee walio na kaya. Kaunti haihitaji kungoja utafiti mwingine wa kitaifa. Orodha ya makao, hojaji fupi, wadadisi wachache waliofunzwa, mashine za kupimia shinikizo la damu na kisukari ambazo tayari ziko zahanatini: hiyo ni kazi ya mwezi mmoja, si ya miaka.

Mkaazi anayejua nyumba wanamotunzwa wazee wasio jamaa wa mwenye nyumba, yenye kibao au isiyo nacho, na amweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au ofisi ya wadi. Kinachohitajika ni mahali ilipo na idadi ya wazee waliomo. Majina yao watayataja wenyewe watakapoulizwa.